Usaili wa Wodini

Wanafunzi walimpa jina la Mama Sivii, ingawa hakuwa na mtoto wala mume, na umbo lake lilikuwa dogo kiasi kwamba mlinzi wa lango aliendelea kumdai kitambulisho hata alipofika mwaka wa nne. Jina lilitokana na kazi yake ya kusahihisha wasifu wa waombaji kazi, yaani sivii. Chuo kilikuwa na kitengo cha ushauri wa ajira, na kitengo kiliteua wanafunzi wachache wa miaka ya juu ili wawashauri wenzao, kwa imani kwamba mwanafunzi humsikiliza mwenzake kuliko anavyomsikiliza mtu aliyevaa tai. Yeye alikuwa mmoja wao. Mkuu wa kitengo alizoea kuwaambia wageni kwamba binti huyu ndiye nguzo, wengine ni mabati.

Chumba chao kilikuwa chini ya ngazi za maktaba. Dari iliinama upande mmoja kufuata ngazi, na aliyeinuka bila kufikiri aligonga kichwa, kisha akacheka ili asionekane ameumia. Vishindo vya miguu ya wanaopanda kusoma vilipita juu yao kutwa. Humo ndani walikuja vijana wa kila aina. Wapo waliokuja na wasifu unaoanzia darasa la kwanza. Wapo walioandika kwamba wanapenda kusafiri.

"Umesafiri wapi?" Mama Sivii alimwuliza mmoja.

"Kwa shangazi."

"Basi toa."

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa usaili wa mazoezi. Alikuwa akivaa koti la kuazima, akahamia upande wa pili wa meza na kugeuka mtu mwingine kabisa. Alikatiza majibu, akatazama simu wakati mwenzake anajieleza, akauliza swali lile lile mara ya pili kana kwamba hakusikia. Wengine walitoka pale shati limelowa. Baada ya wiki kadhaa walirudi kumwambia kwamba usaili wa kweli ulikuwa mteremko.

Fundi hakuja kutafuta ushauri. Alikuja kutengeneza feni. Alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, na bweni zima lilimwita Fundi kwa sababu pasi, redio na vitasa vyote vibovu viliishia kitandani kwake. Aliifungua ile feni huku akiisemesha taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa, na ilipozunguka alikaa chini yake kupunga upepo, akasikiliza Mama Sivii akimkaanga mwanafunzi wa biashara. Yule alipoondoka, Fundi alisema kwamba yeye ameshakataliwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo na kila kiwanda alichoomba, na sasa anaelewa kwa nini.

"Waliniuliza udhaifu wangu ni nini."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba siwezi kuvumilia watu wajinga."

Mama Sivii alicheka mpaka akagonga kichwa darini.

Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Fundi alikuja kila alipopata nafasi, na Mama Sivii akamnoa. Alimfundisha kwamba jibu fupi lina nguvu kuliko jibu refu, na kwamba ukishindwa kumtazama mtu machoni, mtazame katikati ya nyusi, hatajua tofauti. Alimfundisha kuvuta pumzi kabla ya kila jibu. Mikono ya Fundi ilikuwa ikitetemeka akihojiwa, mikono ile ile iliyokuwa tulivu juu ya nyaya, basi akamwambia aiweke mapajani, mmoja uushike mwingine, na mtetemo utaishia hapo hapo bila mtu kuuona. Kubwa zaidi, alimfundisha kuacha kusema "niliambiwa". Mwajiri hataki mtu wa kuambiwa. Sema "niliamua".

Fundi akapata nafasi kwenye kiwanda cha biskuti.

Ilikuwa habari njema kweli. Kiwanda kile kilichukua wanafunzi wengi kila mwaka, na waliofanya vizuri waliajiriwa. Waliotoka huko uliwajua darasani kabla hujawaona, kwa harufu ya vanila na sukari iliyoungua iliyoganda kwenye nywele zao. Fundi aliporudi bwenini siku ya kwanza, wenzake walimnusa shingoni na kumwambia sasa ameshakuwa keki. Yeye alikuwa na furaha, ila alimweleza Mama Sivii jambo moja lililomkera. Kulikuwa na mashine ya kubapisha unga uliokandwa, yenye rola mbili nene za chuma zinazozunguka kwa kukabiliana, na kinga yake ilikuwa imefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Aliuliza sababu. Msimamizi wa zamu alimjibu kwamba kinga inachelewesha usafi, na kwamba hapa si darasani.

"Endelea kuuliza, lakini kwa adabu," Mama Sivii alimshauri. "Bado mgeni."

Ulikuwa ushauri wa kawaida. Angempa mtu yeyote.

Ajali ilitokea asubuhi moja, wakati unga ulipokwama kwenye rola na msimamizi akamwambia Fundi aukwangue mashine ikiwa inazunguka, kwa kuwa kuizima na kuiwasha tena kungekula muda wa zamu. Fundi alikuwa na kikwangulio cha plastiki mkononi. Rola zilikamata kwanza kikwangulio, kisha vidole, na mpaka mtu alipofikia swichi, mkono wa kulia ulikuwa umeingia hadi kwenye kiwiko cha koti. Hospitalini madaktari walijitahidi kuokoa walichoweza. Mwishowe waliukata juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Mama Sivii alipewa habari na mwanafunzi mwingine aliyekuwa zamu ile. Kijana huyo alikuja chumbani chini ya ngazi, akasimama mlangoni na ile harufu yake ya vanila, akashindwa kukaa. Alieleza yote aliyoyaona. Alipomaliza alisema asingependa jina lake litajwe popote, akaondoka.

Mkuu wa kitengo alimwita Mama Sivii siku chache baadaye. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, na wanafunzi waliokosa nauli ya kwenda kwenye usaili walijua mlango wake. Alikuwa amelia, macho yalionyesha. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba mkaguzi wa kazi atakwenda hospitalini kumsikiliza Fundi kwa mdomo wake mwenyewe. Kiwanda kimemwahidi Fundi matibabu mpaka apone, na baada ya hapo kazi ya ofisini, lakini kinataka ieleweke kwamba aliingiza mkono kwa uamuzi wake. Lawama ikiangukia kiwandani, milango itafungwa. Hakutakuwa na mwanafunzi mwingine wa chuo hiki atakayekanyaga pale.

"Nenda kamfariji," alisema. "Na umwandae."

"Nimwandae kwa lipi?"

"Kwa maswali. Wewe kazi yako unaijua kuliko mimi."

Mama Sivii aliuliza kama kinga ya ile mashine imerudishwa. Mkuu alijibu kwamba kitengo kimeshawaandikia. Kisha, akiangalia dirishani kama mtu anayeona aibu kutoa zawadi, alitaja kwamba kiwanda kinatafuta msaidizi wa afisa utumishi, kwamba yeye amempendekeza Mama Sivii, na kwamba wamelipokea jina lake vizuri.

Mama Sivii alikuwa akiishi kwa mama yake mdogo, msusi mwenye saluni ya viti viwili mbele ya nyumba. Jioni hiyo alimsaidia kuosha vichana na kumsimulia kila kitu. Mama mdogo alisikiliza bila kuacha kufagia nywele. Alikuwa amemlea tangu utotoni, baada ya dada yake kufariki, na alikuwa na hamu moja tu iliyobaki duniani: kumwona binti huyu akitoka asubuhi kwenda kazini na mkoba begani. Alisema ajali haina kinga. Alisema maji yakishamwagika hayazoleki. Kisha alisimamisha ufagio.

"Mwanangu, kula na kipofu usimguse mkono. Wale wanakula, na wewe umekaribishwa sahanini. Nyamaza ule."

Kesho yake Mama Sivii alikwenda hospitalini akiwa ameshaamua. Angemwambia Fundi aseme kweli, liwalo na liwe. Njiani alijipangia maneno, akayavutia pumzi, kama alivyowafundisha wengine.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimekaribiana hivi kwamba wageni wa mgonjwa mmoja waliwageuzia migongo wageni wa mwingine. Fundi alikuwa mwishoni, karibu na sinki linalovuja. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, mwanamke mkubwa mpole aliyesafiri usiku kucha kutoka kwao, na ambaye tangu afike hakuacha kulinyoosha shuka la mwanawe mahali lilipokwisha nyooka. Mama Sivii alimsalimia shikamoo, akampa pole. Yule mama alimshika mkono, akaukawiza mkononi mwake, akautazama kiganja na mgongo, kisha akauachia.

"Karibu, Mama Sivii," Fundi alisema. "Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mimi hata huo mtupu umeniponyoka."

Hakuna aliyecheka. Fundi mwenyewe alitazama juu.

Mama Sivii alieleza kilichomleta, bila kuficha: Mkuu alivyosema, kiwanda kinavyotaka, hata ile nafasi ya msaidizi wa afisa utumishi. Kisha akasema aliyoyapanga. Kwamba asikubali. Kwamba yule kijana wa zamu aliona, huenda akipata moyo atasema. Kwamba mkaguzi yupo kwa ajili hiyo hasa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao katika mazoezi yote waliyofanya.

"Mjomba alikuja jana na watu wa kiwanda," alisema. "Wameshakubaliana."

"Mjomba si wewe."

"Nikisema ukweli, mkono utaota?"

Mama Sivii alianza kumtaja mkaguzi tena, Fundi akamkatiza.

"Kazi ya ofisini wataniondolea. Matibabu wataacha. Mama ataniuguza kwa kitu gani? Utaniambia nitapata haki. Sawa. Hiyo haki nitaishika kwa mkono gani?"

Mama yake aliacha kunyoosha shuka. Sinki liliendelea kudondosha. Fundi alivuta pumzi moja, kama alivyofundishwa, ndipo akasema lile ambalo Mama Sivii hakulitegemea hata kidogo.

"Sitaki unishauri. Nimeshaamua. Nataka unifundishe. Nikijaribu kulisema peke yangu, nalia katikati. Nikilia hataniamini, na asiponiamini nitakuwa nimekosa huku na huku."

Mama Sivii angeweza kuinuka aende zake. Alilifikiria hilo, na baadaye maishani alilifikiria tena na tena. Lakini alikuwa amekaa mbele ya rafiki aliyemwomba kitu kimoja, kitu ambacho yeye alikijua kuliko yeyote, na yule mama alikuwa akimtazama. Alivuta kiti akakaa upande wa miguuni, mahali ambapo mkaguzi angekaa. Akaukaza uso.

"Tueleze kilichotokea siku ile."

"Unga ulikwama kwenye rola," Fundi alianza. "Msimamizi akaniambia..." Akasita.

"Usiseme aliniambia."

"Nikaambiwa..."

"Wala nikaambiwa. Sema niliamua."

Fundi alifumba macho. "Unga ulikwama. Niliamua kuukwangua."

"Mashine ilikuwa imezimwa?"

"Haikuzimwa. Niliamua..." Sauti ilikatika, machozi yakamtoka, na akajaribu kuushika mkono kwa mkono, kwa mazoea, akakuta bandeji.

Mama yake aliinuka, akatoka kwenda kwenye korido. Hakurudi mpaka walipomaliza.

Walirudia. Mara sauti ilikatika kwenye neno "rola", mara kwenye "kinga". Mama Sivii alimsahihisha, akafupisha majibu, akamwonyesha mahali pa kupumua. Alimwambia akamate ukingo wa kitanda badala ya mkono. Alimkatiza, akamuuliza tena kana kwamba hakusikia, akawa mtu mwingine kabisa kama desturi yake. Muuguzi aliyepita na sinia ya dawa alidhani ni dada wawili wanagombana, akawaomba wapunguze sauti. Mwishoni Fundi alilisema lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kavu, wazi, bila chozi. Wakatazamana. Lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kumfundisha mtu.

"Hivyo?" Fundi aliuliza.

"Hivyo hivyo."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye miwani na viatu vilivyoliwa visigino, mtu aliyeonekana kutembea sana na kulala kidogo. Alimkuta Mama Sivii pale, akamruhusu abaki. Aliuliza kwa sauti laini, polepole, na baada ya kila jibu alisubiri kidogo, kama mtu anayeshika mlango wazi ili mwingine apite akitaka. Fundi hakupita. Alikamata ukingo wa kitanda, akatazama katikati ya nyusi za mkaguzi, akasema niliamua, niliamua, niliamua. Alipoulizwa kuhusu kinga alisema aliifungua mwenyewe kwa kuwa aliona inamchelewesha.

Mkaguzi alifunga mkoba wake.

"Umejieleza vizuri sana," alisema. Kisha akamgeukia Mama Sivii, akamtazama kwa muda. Alimpa yule mama mkono wa pole, akaondoka.

Kiwanda hakikuvunja ahadi, au hakikuivunja mara moja. Kililipia hospitali. Fundi alipopona alipewa kiti kwenye ofisi ya stoo, ambako kazi yake ilikuwa kupokea mifuko ya sukari na kutia alama kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande upande kama za mtoto wa chekechea. Chuo kilimruhusu aahirishe mwaka. Alisema si mbaya. Alisema wale wa stoo wana roho nzuri, wanamfungulia chupa ya maji kabla hajaomba, na hilo ndilo linalomuudhi kuliko yote. Mama Sivii alikuwa akimtembelea kwenye chumba alichopanga karibu na kiwanda. Walipika, wakazungumza mambo ya watu wengine. Hawakuligusa la wodini.

Mama mdogo naye alikwisha nunua mkoba. Mweusi, wenye zipu mbili. Aliutundika nyuma ya mlango wa saluni na kumwonyesha kila mteja.

Muda wa kundi jipya ulifika. Kila mwaka, kabla wanafunzi hawajapelekwa kwenye mafunzo, Mama Sivii ndiye aliyewapa semina: wafike mapema, wavae viatu vya kufunika, wasalimie watu wa chini na wa juu sawasawa. Ukumbi ulijaa, joto la mchana limewalegeza. Alifika mpaka mwisho wa maelezo yake salama. Akauliza kama kuna mwenye swali, na msichana mmoja wa safu ya nyuma akasimama. Alikuwa ameshapangiwa kiwanda cha biskuti.

"Nasikia dada mmoja alikatika mkono pale. Ni kweli aliingiza mwenyewe?"

Watu wakageuka kumtazama. Mama Sivii alikuwa na jibu tayari. Alilitunga yeye mwenyewe, neno kwa neno, na alijua mahali pa kupumua. Alifungua mdomo kulisema, na likagoma.

"Hapana," alisema.

Basi akawaambia. Hakutaja nani alisema nini wodini, wala hakumtaja Fundi kwa jina lolote. Aliwaambia kuna mashine yenye rola mbili na kwamba kinga yake huwa imeegemezwa ukutani. Aliwaambia wasiikaribie ikiwa wazi, wakiagizwa wakatae, na wakifukuzwa kwa kukataa, waje kwake. Alipomaliza aliona mikono yake inatetemeka, akaishusha chini ya meza.

Waliokwenda kiwandani walikataa, wote kwa pamoja, siku ile ile ya kwanza. Msimamizi alifoka. Wakasimama pale pale na makoti yao meupe, unga ukikauka kwenye rola, mpaka meneja akashuka. Kinga ikarudishwa mahali pake kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa matengenezo aliifunga kwa boliti mpya, na ilichukua muda mfupi kuliko walivyobishana.

Lakini afisa utumishi alitaka kujua vijana wamelitoa wapi jambo hilo. Hakuhitaji kutafuta mbali. Mle kiwandani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua habari kwa mwili wake, amekaa stoo na mkono mmoja. Fundi aliapa hajasema na mtu. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia kwamba mwezi ukiisha, hawatamhitaji tena.

Mkuu wa kitengo hakufoka. Alimwita Mama Sivii, akamwambia kwamba kuanzia sasa chumba cha chini ya ngazi kitakuwa na mshauri mwingine, na kwamba ile nafasi ameshapewa mtu. Kiwanda hakitachukua wanafunzi mwakani. Alisema hayo akiwa amesimama, kama msibani.

"Ulitaka niwapeleke bila kuwaambia?" Mama Sivii aliuliza.

"Nilitaka uje kwangu kwanza."

"Nilikuja, Mkuu. Nilikuuliza kinga imerudishwa. Ukaniambia mmeandika."

Mzee alikaa. Kisha akaomba aachwe peke yake.

Mama Sivii alikuwa akikusanya vitu vyake chumbani Fundi alipokuja. Hakukaa. Sweta lake lilikuwa limekunjwa upande wa kulia na kubanwa kwa pini. Alikuwa ametoka kurudisha ufunguo wa stoo na alisema atasafiri kesho, anarudi kwao.

"Sikuwatajia jina lako," Mama Sivii alisema.

"Hukuhitaji kulitaja."

"Wangeumia wengine, Fundi."

"Najua. Ndiyo maana sikutukani." Aliongea taratibu, kwa majibu mafupi, akimtazama katikati ya nyusi. "Ulinifundisha kusema niliamua. Nikasema. Nikaumeza uongo ule mbele ya mama yangu, ukanikwama hapa, nikasema basi, angalau nimenunua kitu. Halafu wewe ukasimama ukumbini ukautoa ukweli wangu, bila kuniuliza. Ungeniuliza tu. Labda ningekubali. Labda ningekwenda kuusema mimi."

Mama Sivii alisema samahani. Lilikuwa neno dogo, na wote wawili walilisikia udogo wake. Fundi alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akatoka. Akasikika akipanda ngazi za maktaba, hatua moja moja, labda kurudisha kitabu.

Mama mdogo hakumsema. Aliutoa mkoba nyuma ya mlango, akautia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya kabati. Kwa siku kadhaa aliwaambia wateja kwamba binti bado anasubiri majibu.

Mama Sivii alihitimu. Alifanya usaili hapa na pale na hakufaulu hata mmoja. Yeye aliyewavusha wengine, akikaa upande ule wa meza, alijikuta akisita kila alipofika kwenye neno "niliamua". Mwishowe alipata kazi ya muda kwenye duka la vifaa vya ofisi. Alipokea mshahara wa kwanza, akaomba ruhusa, akapanda basi kwenda kwao Fundi.

Ilikuwa nyumba ya bati mwisho wa barabara ya vumbi, na barazani palikuwa na redio mbili zilizofunguliwa matumbo. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya redio hizo, amebana moja kwa magoti, bisibisi ikiwa mkono wa kushoto. Alimwona mgeni tangu alipofungua geti. Hakushangaa.

"Kaa," alisema. "Lakini usinishauri."

Alikaa. Mama wa Fundi alileta chai, akauliza habari za safari na za mama mdogo. Mama Sivii alijibu. Bisibisi iliteleza mara nyingi. Kila ilipoteleza Fundi aliiokota na kuanza upya, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alisema hatarudi chuoni. Alisema pale kijijini watu wanamletea vitu kwa huruma kwanza, na akivitengeneza vikakaa, wanarudi bila huruma, na hao wa pili ndio anaowataka. Basi. Baada ya hapo alizungumza na redio tu. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa baraza hadi mwingine.

Mgeni alipoaga, Fundi aliitikia bila kuinua kichwa. Mama yake ndiye aliyemsindikiza. Walitembea mpaka barabarani, yule mama akiwa amemshika mkono, ule ule, kiganja ndani ya kiganja.

"Ule wakati wa wodini," alisema, "nilitoka nje kwa sababu nilijua nikibaki nitawazuia. Na mimi nilitaka awekewe ile kazi. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako."

Akasimama ukingoni mwa barabara, akamgeukia.

"Lakini usije tena hivi karibuni, mwanangu. Kila akikukumbuka halali usingizi. Anakaa kitandani anajisemesha yale majibu, mpaka asubuhi. Mwache kwanza asahau namna ya kuyasema."

Vumbi la basi lilionekana kwa mbali. Yule mama aliachia mkono wake, akapunga ili dereva asimame.

"Ukifika, nipigie mimi. Usimpigie yeye."

Mama Sivii alipanda, akapata kiti cha nyuma, upande wa jua.